Sauti ya Tano Ndani ya Tangi

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mguu umepungua kuvimba, na mkaza mjomba bado anakuficha chumvi kama daktari alivyoagiza. Mimi nilifika salama. Bomba la maji ya moto limeharibika tena, na mwenye nyumba anasema fundi yuko njiani. Sijui ni njia gani hiyo, maana hii ni wiki ya pili.

Najua simu huitaki. Mtu aliyegonga mihuri posta miaka thelathini na miwili hawezi kuamini kwamba maneno husafiri bila stempu. Haya, nimenunua stempu.

Sasa nisikilize. Unakumbuka nilipokuja likizo ukaniambia nichukue zile kanda kabatini kwako, kwamba zinafuga mende tu? Kazi yangu unaijua: kutwa nzima nimevaa spika za masikioni, nahamisha kanda za watu za zamani ziingie kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Alhamisi, wakati wenzangu wamekwenda kula, nikaiweka mashineni ile ya kasha lililoandikwa "Semina ya Ufugaji Nyuki." Nilitaka kucheka kidogo. Mjomba, humo hamna nyuki.

Humo mna watu wanaimba Kilatini, bila kinanda. Ni zile nyimbo za kanisa za miaka mia nne na zaidi iliyopita, ambazo sauti moja huanza peke yake, ya pili ikaifuata, na ya tatu ikaifuata hiyo, mpaka zote zinapishana bila kugongana. Hapa kazini tunazo rekodi za namna hiyo rafu nzima, za makwaya makubwa. Lakini hawa ni wachache, mtu mmoja kwa kila sauti, na mahali penyewe pana mwangwi mrefu ambao sijapata kuusikia. Besi, ile sauti nzito ya chini, ni wewe. Tangu lini wewe ni mwimbaji? Umenilea tangu nikiwa mchanga, sijakusikia ukiimba hata bafuni.

Kabla hamjaanza, unasema hivi, na sauti yako si ya kawaida: "Tuko wanne. Nafasi yake iacheni wazi." Kisha mnaimba. Mimi nikahesabu sauti. Nimehesabu mara sita, na masikio haya ndiyo yanayonilisha. Ziko tano. Moja ni ya mwanamke ambaye yuko nyuma kidogo ya wengine, anaimba kwa upole, na hakosei.

Ni nani huyo? Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kama mama yangu aliimba, ukasema hapana, hakuwa na sauti. Vyake nilivyo navyo ni picha mbili na khanga moja. Basi nakuuliza tena, leo nikiwa mtu mzima.

Msalimie mkaza mjomba. Mwambie chumvi aihamishe, kwenye mtungi umeshapajua.

Mpwa wako,
Chiriku


3 Machi

Kwako Chiriku,

Marahaba mwanangu. Barua yako ilichukua siku kumi na tisa. Enzi zangu mkuu wa posta angehamishwa kwa hilo. Mguu hivyohivyo. Mkaza mjomba wako anakusalimu, na anasema ahsante kwa kunichongea kuhusu mtungi, maana sasa hata mimi sijui chumvi iko wapi. Jirani anaezeka upya, nyundo kutwa, kichwa kinaniuma.

Kuhusu kanda. Nilisema chukua kanda. Sikusema chukua ile. Lakini kosa ni langu, mwenyewe niliificha kwenye kasha ambalo mtu mwenye akili zake hawezi kulifungua, nikasahau kwamba wewe akili zako unazijua mwenyewe. Kasha ni la Bwana Nyuki, afisa wa kilimo aliyetuazima mashine ya kurekodia.

Waimbaji ni hawa. Sauti ya kwanza ni Mshonaji, yule aliyekuwa akishona sare za shule, ameshafariki. Sauti ya tatu ni Muuguzi, unamfahamu, ndiye aliyekuchanja. Ya nne ni Fundi Viatu, naye ameshatutoka. Besi ni mimi. Hakuna kati yetu aliyejua kusoma noti. Padri mzee alikuwa na santuri moja ya nyimbo hizo, akituwekea jioni baada ya kazi, na kila mtu alichagua sauti moja akaifuata kwa sikio mpaka akaishika. Ilituchukua miaka miwili kuupata wimbo mmoja, ule wa kuomba amani. Tuliimbia ndani ya tangi la maji la zamani la mji, la zege, lililokauka. Unashuka kwa ngazi ya chuma. Ukitamka neno humo linakaa sekunde nane ndipo linakufa.

Kwa hiyo umesikia mwangwi. Hesabu imekwisha.

Irudishe kanda kwa rejista. Usiichezee kwa hayo makompyuta yenu.

Mjomba wako


22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na nyundo. Huku bomba limetengenezwa, sasa maji ni ya moto mno, naoga kwa kurukaruka. Nimepandishwa cheo kidogo, nimepewa chumba changu mwenyewe cha kusikilizia na ufunguo wake. Umesikia, lakini? Ufunguo! Ulisema sitakuwa na subira ya kazi yoyote.

Umenitajia sauti ya kwanza, ya tatu, ya nne na besi. Ya pili umeiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Wimbo huo ni wa sauti tano, nimeutafuta kwenye rafu yetu nikapata rekodi zake nne. Na nikagundua kitu. Katikati kuna mahali ambapo waimbaji wote duniani wanashikilia noti ndefu, halafu wanashuka taratibu. Ninyi hamshuki. Mnaruka ghafla, wote kwa pamoja, mnaibukia mbele. Nikacheka mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Santuri ya padri ilikuwa na mkwaruzo, siyo? Sindano ilikuwa ikiruka, nanyi kwa uaminifu wenu mkajifunza hata kuruka!

Halafu kicheko kikanikauka. Yule mwanamke naye anaruka. Palepale, pamoja nanyi. Huyo alijifunza kwa santuri ileile, Mjomba. Na mwangwi hauvuti pumzi. Huyu anavuta pumzi kabla ya kila mstari, naisikia. Mwangwi huja nyuma ya mtu. Huyu anaingia kabla ya Muuguzi, mahali ambapo sauti ya pili inatakiwa kuingia.

Ndani ya kasha kuna karatasi yenye mwandiko wako: tarehe kumi na nne Septemba, mwaka niliozaliwa. Mimi nilizaliwa tarehe nane Agosti. Mama alifariki tarehe kumi na moja, mwezi huohuo. Unaona ninachokiona?

Nimejipa maelezo ya kifundi. Mlirekodi juu ya kanda ya zamani ambayo mama aliwahi kuiimbia, na ile ya chini haikufutika vizuri. Hutokea. Niambie tu kwamba ndivyo ilivyokuwa na nitatulia. Lakini kwa vyovyote vile nitamtoa humo. Tunayo programu ya kutenganisha sauti. Nitaziondoa zenu nne nimbakize yeye peke yake. Nina miaka thelathini na moja, sijawahi kumsikia mama yangu. Usinikasirikie.

Nasubiri neno lako.

Chiriku


24 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua hii mara tano na kuichana mara nne. Mkaza mjomba wako ameziona karatasi jalalani akaniuliza kama nina mwanamke. Mzima yeye, na mimi ni mzima.

Usimtenge. Kama hujaanza, usianze. Ndilo jambo la kwanza na nimelipigia mstari.

Kanda ile ilikuwa mpya. Niliifungua mwenyewe, karatasi ya nailoni niliichana kwa meno mbele ya wenzangu. Hapakuwa na kitu chini yake. Tulishuka tangini mwezi mmoja baada ya kumzika mama yako, tukasimama kama tulivyozoea, tukaacha kati ya Mshonaji na Muuguzi upana wa mtu mmoja. Tulipanga sauti ya pili isiimbwe na mtu, iwe ndiyo maombolezo yetu. Tulipokuwa tunaimba hatukusikia kitu. Tulipopanda juu tukaketi nyumbani kwa Fundi Viatu tukaisikiliza. Alikuwa na kiatu cha mtu mkononi, akakiweka chini polepole. Mshonaji akatoka nje, akaondoka bila kuaga. Hatukuimba tena, na hatukulizungumzia tena. Sasa tumebaki wawili na bado hatulizungumzii.

Nilikudanganya. Mama yako alikuwa na sauti. Ila hakuwahi kuimba peke yake, tangu utotoni. Akiosha vyombo alitoa mstari mmoja akanyamaza, akanisubiri nimpokee. Nikichelewa alikaa hivyohivyo, sahani mkononi, maji yanamdondoka miguuni. Mama yetu alikuwa akinigombeza: mpokee mwenzio, vyombo havitaisha!

Kwa hiyo usimwache peke yake humo. Mengine usiniulize.

Mjomba


29 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Wiki tano sijapata hata mstari. Nimempigia Muuguzi, akasema wewe ni mzima, unalima bustani. Nilipomtajia tangi akasema mtandao unakatika, na mtandao haukuwa unakatika. Baridi inaondoka huku. Habari nyingine sina, au sina hamu nazo.

Nimefanya. Jumatatu saa nne asubuhi, jua linaingia dirishani, watu wanapita ukumbini na vikombe vya chai. Nakuambia hivyo ili usidhani nilikuwa nimechoka au nimesinzia. Nilizitoa sauti zenu moja baada ya nyingine: Mshonaji, Muuguzi, Fundi Viatu, na mwisho wewe. Akabaki.

Ana sauti nzuri, Mjomba. Nililia mpaka nikafunga mlango kwa ule ufunguo. Aliimba mstari wa kwanza, ule anaoingia nao. Halafu akanyamaza.

Nikadhani nimekata vibaya. Nikatazama kwenye kioo cha kompyuta, faili linaendelea dakika sita nzima, na si tupu. Nikapandisha sauti. Anapumua. Mstari mmoja, kisha dakika zote zilizobaki ni mtu anapumua ndani ya mahali pakubwa penye mwangwi. Nikarudia. Mara ya pili pumzi ilikuwa karibu zaidi na kipaza sauti. Mara ya tatu nilivua spika za masikioni kabla haijafika karibu zaidi. Nilimwita mwenzangu wa chumba cha pili asikilize bila kumwambia kitu. Alikaa nusu dakika akasema, "Huyu anamngoja nani?" Tangu siku hiyo anapitia mlango wa nyuma.

Kilichonitisha kuliko vyote ni hiki. Nilirudi kwenye kanda yenyewe, ile uliyoishika kwa mikono yako, ambayo mimi sikuigusa wala kuikata. Nikaiweka tena mashineni. Mko wanne. Pale pa sauti ya pili hamna mtu, ni pengo tu, na ninyi mnaruka mkwaruzo wenu wanne. Nilikuwa naye ndani ya wimbo mzima na nimempoteza kwa mikono yangu. Sasa nina mstari mmoja na pumzi.

Nisaidie. Sijui nimefanya nini.

Chiriku


20 Mei

Chiriku mwanangu,

Barua zetu zilipishana njiani. Yangu ya kukukataza ilifika ukiwa umeshamaliza. Posta hiyo. Usilie, wala usiifute hiyo pumzi. Hujakosea wewe peke yako. Ningekuambia miaka kumi iliyopita usingelazimika kumtafuta kwa mashine.

Ulimsikia mwenzako alivyouliza, anamngoja nani. Ananingoja mimi. Baada ya mstari wake wa kwanza besi ndiyo inayompokea. Sikiliza rekodi zako nne utaona.

Sasa nakuandikia lile nililokuambia usiniulize. Nimefunga mlango, mkaza mjomba wako yuko sokoni.

Tarehe nane Agosti alikuwa na mimba ya miezi minane. Alasiri aliniambia, "Kaka, leo nimechoka, mwende nyie." Nikamwambia wimbo wa watano hauimbwi na wanne. Nilikuwa na kiburi na wimbo ule. Akaja. Akashuka ngazi, mimi nikiwa chini yake nimeishika kwa mikono miwili, maana ngazi ile inatikisika, na tulikuwa na utaratibu wetu: hapandi wala hashuki mtu bila mwenzake kumshikia. Tukaimba vizuri kuliko siku zote. Wenzetu wakapanda. Tukabaki sisi wawili. Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza cha ngazi akasema, "Kaka, shika ngazi."

Nikasema, "Nakuja."

Kitufe cha shati langu kilikuwa kimedondoka. Nilikuwa nimeinama nakitafuta sakafuni. Kitufe, Chiriku. Sijui alinisubiri muda gani. Alikuwa mtu wa kusubiri. Halafu nadhani alichoka, akapanda. Alikuwa amefika kidato cha nne nilipokipata, na palepale ngazi ikatikisika, akaanguka.

Uchungu ulianzia humohumo tangini. Wewe ulizaliwa jioni ile, mzima, ukipiga kelele ndipo Muuguzi akakupa hilo jina. Mama yako alikaa siku tatu. Hakunilaumu, hakunitajia ngazi hata mara moja. Nilimfuta jasho nikingoja aseme, hakusema. Watu waliambiwa uchungu uliwahi tu, nami nikaliacha hivyo. Nilikulea kwa mapenzi, lakini pia kwa hofu kwamba siku moja utaniuliza. Ndiyo maana sikuimba. Ndiyo maana nilisema hakuwa na sauti.

Najua unaweza kunichukia. Una haki yako. Ila kwanza nina kazi. Nimemwambia Muuguzi, na safari hii mtandao haukukatika. Nitashuka tangini niimbe besi yangu, nimpokee.

Mjomba wako


4 Juni

Chiriku,

Kanda iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa kitambaa. Nimetumia redio ya kaseti ya mkaza mjomba wako. Ameniita mzee mwenye wazimu, kisha akanibadilishia betri na kunipa sweta.

Tulikwenda jana saa nane mchana. Mlinzi wa idara ya maji ni mtoto wa Fundi Viatu, alitufungulia mfuniko bila maswali akarudi langoni kwake. Muuguzi ana goti bovu na miaka sabini na minne, alibaki juu kwenye kigoda. Nilishuka peke yangu. Ngazi ni ileile. Ilitikisika mpaka nikasikia meno yangu yakigongana. Nilidhani nitaanguka nifie humo.

Chini ni pakavu, mwanga unaingia kwa juu tu, duara moja sakafuni. Nikasimama mahali pangu. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Kwanza nilikaa kimya kwa urefu wa mstari wake, nikiuhesabu kwa vidole. Kisha nikampokea. Miaka thelathini na moja sijaimba, sauti imekwaruzika, lakini wimbo wote ulikuwa ndani. Niliacha nafasi za wenzangu palipo na nafasi zao. Niliruka penye mkwaruzo. Nilifika mwisho nikalia, hayo utayasikia, usiyakate.

Sikusikia kitu kingine. Nakuambia ukweli. Ni mimi tu na zile sekunde nane.

Kuna jambo moja. Nilining'iniza redio shingoni, nikashika ngazi nipande. Haikutikisika, Chiriku. Tangu kidato cha kwanza hadi cha mwisho ilikuwa imetulia kama imejengewa ukutani. Nilipotokeza kichwa nikamwambia Muuguzi ahsante kwa kunishikia kwa juu. Akanitazama. Alikuwa hatua kumi kutoka pale, kivulini, anamenya chungwa.

Kanda sijaisikiliza, sina ujasiri. Sikiliza wewe. Lolote utakalolikuta, niandikie, hata kama ni kimya.

Mjomba


23 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimepata barua zako mbili siku moja, ya ngazi na ya kanda. Nilisoma ya ngazi kwanza. Nilikasirika siku mbili, sitakuficha, niliosha vyombo vyangu vyote na vya jirani. Siku ya tatu nikakumbuka ni nani aliyekuwa akinishikia baiskeli nilipojifunza, hata nilipokwisha kujua, akikimbia nyuma kwa viatu vya posta mpaka mwisho wa barabara. Nilidhani una wasiwasi tu. Chuki sina. Nakuja Agosti, nitakaa mwezi.

Lile faili la pumzi nililifungua leo asubuhi. Baada ya mstari wa kwanza ni kimya kitupu. Ameshaondoka humo.

Kisha nikaiweka kanda yako. Mwanzoni, pale unaponiambia ulikaa kimya ukihesabu kwa vidole, hakuna kimya. Yupo. Anaimba mstari wake, nawe unampokea, naye anaendelea. Mko wawili mpaka mwisho, na mnaruka pamoja penye mkwaruzo. Nimesikiliza kwa mlango wazi, mwenzangu wa chumba cha pili akaja akasimama mlangoni na kikombe chake, hakukimbia.

Halafu unalia. Sijayakata. Halafu viatu vyako vinaburuza sakafuni, na chuma kinagonga chuma, nadhani ni redio imegusa ngazi. Hapo ndipo anapozungumza. Haimbi, anazungumza tu, kwa sauti nzito kidogo kama yangu nikiwa ndiyo kwanza nimeamka. Nimeisikiliza mara moja tu, na nakuandikia kama ilivyo, kwa sababu ni yako:

"Panda, kaka. Nimeishika."

Chiriku